Kijana Aliyenusurika Maafa: Anza na Usingizi Wake, Dawati Lake na Rafiki Zake

Lori zito likipita nje na vioo vya madirisha kutetema, darasa zima huinua vichwa kwa sekunde moja, kisha kila mtu hurudi kwenye daftari lake. Mmoja harudi. Ameshasimama, mkono uko kwenye kitasa cha mlango, moyo unamwenda mbio, na mwalimu akimuuliza anakwenda wapi hana jibu. Humchukua dakika kumi kutulia, na katika dakika hizo somo limempita. Likimtokea mara nne kwa siku, siku tano za juma, amepoteza zaidi ya saa tatu za masomo. Mwisho wa muhula alama zimeshuka, na kwenye ripoti pameandikwa: hana bidii.

Kijana huyu alinusurika tetemeko la ardhi. Angekuwa amenusurika mafuriko, kinachomsimamisha kingekuwa mvua ya usiku. Angekuwa amenusurika moto, kingekuwa harufu ya plastiki inayoungua. Ukimuuliza kama bado anaogopa atakujibu "hapana, niko sawa." Vijana wa umri wake hawapendi kuonekana waoga, na tena ameshawaona wazazi wake wamelemewa, hataki kuwaongezea mzigo. Watu wazima hulipokea jibu hilo kwa moyo mweupe, wakafunga faili na kuondoka. Naamini kosa liko kwenye swali. Muulize jana alipata usingizi saa ngapi. Muulize lini mara ya mwisho alikwenda kwa rafiki, amekosa vipindi vingapi juma hili, na mwili unamuuma wapi. Huko ndiko maafa yanakohamia baada ya waokoaji kuondoka.

Umri wa kujua kila kitu

Shirika la Afya Duniani huhesabu balehe kuanzia miaka 10 hadi 19. Mtoto wa miaka minne anaweza kudhani aliyekufa atarudi. Kijana wa miaka 14 anajua harudi. Anajua jengo liliporomoka kwa sababu lilijengwa vibaya, anajua nani alipaswa kulikagua, na anaweza kukesha akipiga hesabu ya sekunde ambazo zingemtosha kumvuta mdogo wake mkono. Hatia hiyo ya "ningefanya hivi" ni kali mno katika umri huu, na haisemwi. Juu yake huja majukumu: baba amepoteza kazi, mama hatoki kitandani, basi kijana anapika, anafua, anawapeleka wadogo shule. Watu humsifu kwa kukomaa haraka. Sifa hiyo humfungia mlango wa kuomba msaada.

Dalili za kiwewe, yaani jeraha la nafsi linaloachwa na tukio la kutisha, huja kwa mafungu manne. Kwanza tukio humrudia bila kuitwa, kwa picha, kwa majinamizi au kwa mwili kushtuka. Pili hukwepa mahali, watu na mazungumzo yanayomkumbusha. Tatu mawazo na hisia hubadilika: hatia, ganzi, kutoona sababu ya kusoma kwa ajili ya kesho ambayo haamini itafika. Nne mwili hukaa kwenye zamu ya ulinzi usiku na mchana, na ndipo penye hasira za ghafla, kukosa usingizi na kushindwa kumakinika. Dalili hizi zikizidi mwezi mmoja na kumvurugia maisha, wataalamu huanza kuzungumza juu ya ugonjwa. Sonona, ile huzuni nzito isiyoondoka, huandamana nazo mara nyingi, na wasiwasi pia.

Fungu la nne ndilo linalowaponza wavulana. Wasichana kwa jumla hueleza dalili nyingi zaidi wakiulizwa, kwa hiyo anayelia hupelekwa kwa mshauri nasaha. Anayepigana, kulewa au kuendesha pikipiki kama anayetafuta kufa hupelekwa kwa mwalimu wa nidhamu. Huenda wote wawili wanaugua kitu kimoja.

Wengi hupona, na wengine hawaponi

Haya mawili lazima yasemwe kwa pamoja. Majuma ya mwanzo karibu kila kijana atashtuka, atalala vibaya, atakuwa mkali, na huo ni mwili unaofanya kazi yake. Kwa wengi dalili hushuka ndani ya miezi sita. Zikishavuka hapo zikiwa bado kali, kuzisubiri zishuke zenyewe ni kupoteza muda wa mtoto.

Tarehe 21 Oktoba 1988 meli Jupiter, iliyokuwa na wanafunzi wapatao 400 kutoka Uingereza, iligongwa na kuzama karibu na bandari ya Piraeus, Ugiriki. Manusura hao vijana walipofuatiliwa kati ya miaka 5 na 8 baadaye, ilionekana kwamba karibu nusu waliwahi kupata ugonjwa wa kiwewe, wengi wao ndani ya majuma ya mwanzo. Kati ya waliougua, yapata theluthi moja walikuwa bado wanaugua. Kijijini Aberfan, Wales, lundo la taka za mgodi wa makaa ya mawe liliporomokea shule ya msingi tarehe 21 Oktoba 1966, likaua watu 144, watoto 116 wakiwamo. Hao walikuwa wadogo kuliko vijana tunaowazungumzia. Lakini miaka 33 baadaye, katika kundi la manusura 41 waliochunguzwa, 12 walikuwa bado na ugonjwa wa kiwewe. Walikuwa watu wazima wenye watoto wao.

Kinachowatenganisha waliopona na wasiopona kwa kiasi fulani ni ukubwa wa walichopitia: nani alifukiwa, nani alimwona mtu wa karibu akifa, nani alidhani anakufa yeye mwenyewe. Hayo hayabadiliki tena. Sehemu nyingine kubwa hutokana na maisha ya baadaye, nayo inabadilika: kuhamahama makazi, kutenganishwa na rafiki, wazazi kugombana juu ya fedha, shule mpya ambako hakuna anayejua yaliyomkuta, au ambako kila mtu anajua na kumkodolea macho. Ndiyo maana naweka mkazo kwenye siku za kawaida. Huko tuna la kufanya.

Kupima bila kujidanganya

Kuna vipimo viwili ambavyo shule au zahanati inaweza kuvitumia kwa pamoja. Cha kwanza ni CRIES-8, dodoso fupi la maswali manane kuhusu siku saba zilizopita: je, unalifikiria tukio hata usipotaka, unajaribu kulifuta akilini, unakwepa mahali panapokukumbusha? Majibu hupewa alama 0, 1, 3 au 5, na jumla ikifika 17 kijana anahitaji kuonwa na mtaalamu. Kufika 17 hakumaanishi ni mgonjwa. Kunamaanisha asiachwe apotee kwenye orodha.

Cha pili ni PedsQL, kinachopima ubora wa maisha kwa maswali 23: manane ya mwili, matano ya hisia, matano ya urafiki na matano ya shule. Kila jibu hubadilishwa kuwa alama kati ya 0 na 100, na alama kubwa ni maisha mazuri zaidi. Sasa tuchukue kijana aliyepata 87.5 upande wa mwili, 60 kwenye hisia, 70 kwenye urafiki na 40 kwenye shule. Jumla yake inatoka karibu 67. Anayesoma namba hiyo peke yake ataona kijana wa wastani na kufunua ukurasa unaofuata. Anayesoma mafungu ataona mtu anayecheza mpira vizuri huku akizama darasani. Maswali ya mwili ni manane, ya shule ni matano, kwa hiyo afya ya misuli inaifunika aibu ya darasani. Soma kila fungu peke yake, kila mara.

Makosa mengine hutokea kabla hata ya hesabu. Dodoso likijazwa mbele ya mzazi, majibu huwa ya kumtuliza mzazi. Likijazwa darasani, wavulana huchunguliana. Likijazwa juma la kumbukumbu ya mwaka, dalili hupanda kwa kila mtu. Na likijazwa mahali pasipo na pa kumpeleka atakayeonekana ana shida, huko ni kumchokonoa mtu kidonda bila kuwa na dawa mkononi. Tafuta kwanza wa kumpokea, ndipo ugawe karatasi.

Siku za mwanzo

Mwongozo wa huduma ya kwanza ya kisaikolojia uliotolewa na Shirika la Afya Duniani na wenzake mwaka 2011 una maneno matatu: angalia, sikiliza, unganisha. Angalia usalama na nani amezidiwa. Sikiliza bila kumlazimisha kusimulia. Unganisha na familia, makazi, taarifa za kweli na huduma. Kwa kijana naongeza la nne kutoka kwangu: mpe kazi yenye mwisho. Kugawa maji kwa saa mbili kunamrudishia hisia kwamba mikono yake inafaa kitu. Kumwacha abebe maiti, hapana, hata akijitolea.

Usiwakusanye manusura wote na kumtaka kila mmoja asimulie alichokiona, kwa imani kwamba kutapika moyo mara moja kunatosha. Kikao cha namna hiyo hakizuii kiwewe, na wanaosikiliza huondoka na picha za wenzao juu ya za kwao. Dawa za usingizi za kundi la diazepam nazo hazifai kwa watoto na vijana kama tiba ya mshtuko wa mwezi wa kwanza. Zima pia video za tukio. Simu humrudisha kijana eneo la maafa mara hamsini kwa siku, na kila mara mwili unalipa.

Ngazi ya kurudi darasani

Turudi kwa yule aliyeshika kitasa. Kabla ya lolote, jengo likaguliwe na mhandisi, na wanafunzi waambiwe matokeo na kuonyeshwa njia za kutokea. Hofu ya jengo bovu si ugonjwa, na hakuna zoezi la kuitibu zaidi ya kulitengeneza jengo.

Likiwa salama, tengeneza naye ngazi. Apime hofu kwa namba, 0 hadi 10. Kusimama nje ya jengo, 3. Kuingia kwenye korido, 4. Kukaa darasa tupu na rafiki mmoja, mlango wazi, 5. Mlango umefungwa, 6. Kipindi kizima kwenye dawati la karibu na mlango, 7. Safu ya katikati, 8. Safu ya katikati huku ikipigwa sauti ya lori iliyorekodiwa kwa simu, 9. Namba ni zake, usimwandikie wewe.

Anaanza na kipandio cha chini na anabaki hapo mpaka namba ishuke nusu. Ikianza 4, anasubiri ifike 2. Siku ya kwanza inaweza kuchukua dakika ishirini, au zaidi. Kesho yake anarudia palepale. Kipandio kikianza kumpa 1 au 2 tangu mwanzo, anapanda kinachofuata. Wakati wa kusubiri anaweza kupumua polepole, kuvuta pumzi kwa hesabu ya 4 na kuitoa kwa hesabu ya 6, maana kutoa pumzi ndefu ndiko kunakopunguza mwendo wa moyo.

Zoezi hili huharibika kwa njia zilezile kila mahali. La kwanza, kijana huondoka hofu ikiwa juu kabisa. Ubongo wake hujifunza kwamba kukimbia ndiko kulikomwokoa, na kesho hofu huanzia juu zaidi. Ndiyo sababu ruhusa ya kutoka darasani, ambayo lazima awe nayo, iwe ya dakika tano na iwe na sharti la kurudi. La pili, mtu mzima mwenye haraka huruka vipandio viwili, au humfungia mlango "kumzoesha" bila kumwambia. Uaminifu ukivunjika hapo, ngazi nzima imevunjika. La tatu ni ahadi ya "haitatokea tena." Tetemeko dogo likija juma lijalo, maneno yako mengine yote yatakuwa uongo. Sema unachoweza kukitimiza: "Ikitokea, tunafanya hivi, tunatokea hapa, na mimi nitakuwa hapa."

Kijana mwenye ugonjwa kamili wa kiwewe anahitaji zaidi ya ngazi. Tiba ya mazungumzo inayolenga kiwewe huchukua kwa kawaida vikao 12 hadi 16, mzazi akihusishwa, na ndani yake kijana husimulia tukio hatua kwa hatua mpaka linakuwa kumbukumbu yenye mwanzo na mwisho. Pasipo na wataalamu wa kutosha kuna EASE, programu ya Shirika la Afya Duniani kwa vijana wadogo wenye msongo mkubwa: vikao saba vya kikundi kwa vijana na vitatu kwa walezi, vinavyoweza kuendeshwa na mtu wa kawaida aliyefunzwa na anayesimamiwa.

Usiku

Kama ningeruhusiwa kutengeneza kitu kimoja tu, ningetengeneza usingizi. Kijana wa miaka 13 hadi 18 anahitaji saa 8 hadi 10. Aliyenusurika mara nyingi hulala nne, kwa sababu amejipa zamu: wote wakilala, nani atasikia maji yakiingia? Kumwambia "lala" hakusaidii kitu. Igawe zamu hiyo. Mzazi aseme kwa maneno, "mimi niko macho mpaka saa tano, milango nimeikagua," kisha afanye hivyo kweli mbele yake. Viatu na tochi viwe mahali pamoja karibu na kitanda. Saa ya kuamka isibadilike hata siku za mapumziko, na usingizi wa mchana usizidi nusu saa, kwa sababu ule mrefu unaiba wa usiku.

Jinamizi linalojirudia lina zoezi lake, na hufanywa mchana, si usiku. Aliandike kwa mistari michache, kisha abadilishe mwisho wake vyovyote apendavyo, hata kwa jambo lisilowezekana: maji yanageuka ukungu, ukuta unaanguka upande wa pili. Halafu ajirudie ndoto mpya kichwani dakika 10 hadi 20 kila siku. Kosa la kawaida ni kuanza na ndoto mbaya kuliko zote. Aanze na nyepesi, ajifunze ufundi kwanza.

Aliyefiwa ana mizigo miwili

Kiwewe na majonzi si kitu kimoja, na kwa aliyefiwa katika maafa vinazibana. Anapotaka kumkumbuka dada yake akicheka, inakuja picha ya mwisho, ile ya kifusi. Basi anaacha kumkumbuka kabisa, na watu wanasema amesahau haraka. Mara nyingi picha ile ipunguzwe nguvu kwanza ndipo aweze kulia. Mwambieni ukweli kuhusu kifo, pamoja na mwili ulivyo, na mwacheni achague kushiriki maziko au la, akiwa ameelezwa mapema atakachokiona. Majonzi makali yasiyolegea yakipita miezi sita, yakimzuia kula, kusoma au kuwa na watu, yanahitaji mtaalamu.

Katika nyumba nyingi zilizofiwa kuna ukimya wa pande mbili: kijana hataji jina la marehemu ili mama asilie, na mama hataji ili kijana asilie. Mtu mzima ndiye auvunje, kwa jambo dogo tu: "Leo nimemkumbuka alivyokuwa akiimba bafuni." Halafu anyamaze, asidai jibu.

Muda haujapita

Armenia ilipigwa na tetemeko tarehe 7 Desemba 1988, likaua watu wasiopungua 25,000, na liliwakuta watoto madarasani. Mwaka mmoja na nusu baadaye vijana wa baadhi ya shule za mji wa Gyumri walipewa tiba ya kiwewe na majonzi shuleni kwao: vikao vinne vya kikundi vya nusu saa, na vikao vya mtu mmoja mmoja, kwa wastani viwili vya saa moja, ndani ya majuma matatu. Walipopimwa tena miaka mitatu baada ya tetemeko, dalili za kiwewe zilikuwa zimeshuka kwa waliotibiwa na zimepanda kwa wasiotibiwa. Sonona ilibaki palepale kwa wa kwanza, ikazidi kwa wa pili. Ni saa chache mno za kazi. Nikisikia ofisa akisema "mwaka umeshapita, wameshazoea", hizo ndizo namba ninazotamani awe nazo mezani.

Shule inaweza kufanya mengine bila mtaalamu hata mmoja. Irudishe ratiba mapema hata kama ni chini ya hema. Ihamishe marafiki pamoja inapogawa madarasa. Kijana asiyeweza kushika maelezo marefu apewe kwa maandishi, hatua mojamoja. Mtihani uahirishwe kwa tarehe inayojulikana. Tarehe isiyojulikana inamwongezea wasiwasi kuliko mtihani wenyewe.

Kuhusu kujiua, uliza wazi: "Je, umewahi kufikiria kujiua?" Swali hilo halimpandikizii wazo. Akisema ndiyo, uliza kama ana mpango na kitu cha kuutekeleza. Usimwache peke yake, ondoa dawa, sumu, kamba na silaha mahali alipo, na mfikishe kwa mhudumu wa afya siku hiyohiyo. Usimwahidi siri. Mwambie nani utamweleza na kwa nini.

Kumbukumbu ya mwaka huanza kuuma majuma mawili kabla, wakati mwingine kabla kijana mwenyewe hajaitambua tarehe: usingizi unakatika, ugomvi unaongezeka, tumbo linauma. Itieni alama kwenye kalenda mapema. Muulizeni anataka kuwa wapi siku hiyo na na nani, na mpangie walimu wake wasiweke jaribio juma hilo. Kama kutakuwa na dakika ya kimya shuleni, aambiwe itakuwa saa ngapi, atakaa wapi, na kwamba mlango hautafungwa.